Mtaro Uliosafishwa kwa Mgeni

Mama yangu hakuwahi kumwonyesha mgeni uchafu. Nalitaja hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wengi hunisikia nikisimulia habari za Silanga wakadhani ninawalaumu watu wa kanjo, yaani baraza la jiji, peke yao. Ninawalaumu, tena sana, na nitafika huko. Lakini mambo yenyewe yalianzia kwenye ufagio wa mama.

Silanga ni upande wa chini wa Kibera, pale mteremko unapokaribia kuingia bwawani. Mama alifika hapo kutoka Magharibi akiwa ameolewa juzijuzi, akimfuata baba aliyekuwa seremala. Baba akafa mimi nikiwa shule ya msingi, na mama akabaki katika chumba kilekile cha udongo na mabati, akimlipa kodi mwenye nyumba ambaye hatukumwona ila mwisho wa mwezi. Alikuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye Soko la Toi. Maskini tulikuwa, lakini viti vyetu vilivaa vitambaa vyeupe alivyovishona kwa mkono wake, na ole wako ukivikalia na nguo za kazi. Akisikia kuna mgeni anakuja, hata kama ni mtu wa kanisani tu anayepita kuchukua blanketi, alikikagua kile chumba kama polisi anayesaka pombe haramu. Uvunguni, nyuma ya kabati, juu ya mlango, kote. Sakafu ya udongo aliikandika upya. Sisi watoto tuliosha hadi visigino.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja kutoka Kitui aliyesuka vyondo, vile vikapu vya katani. Sote tulimwita Mwaitu, kwa kuwa ndivyo wanawe walivyomwita, na Kikamba chetu kiliishia hapo. Aliwahi kugongwa na gari akiwa kijana, na mguu wake mmoja haukupona sawasawa. Kutoka mlangoni kwake hadi bombani, umbali ambao mimi niliukimbia nikiimba, yeye alipumzika njiani. Wanawe walikua wakaenda, wengine Mombasa, wengine hawakusema wanaenda wapi. Basi jioni alikuwa wetu. Mama alipika, Mwaitu akaja na kiti chake kidogo na katani zake, wakala pamoja na kuwasema watu wote wa Silanga hadi usingizi ulipowashika. Nilipoolewa Kawangware, nilimwachia Mwaitu mama, kisha nikamwachia mama Mwaitu. Niliondoka bila wasiwasi.

Kasoro ilikuwa ule mtaro. Ulipita nyuma ya vyumba vyao viwili, umebana kati ya kuta za udongo, ukileta maji ya kule juu kote, ya sokoni, ya barabarani, ya mitaa ya watu wenye vyoo vya ndani, kuyapeleka bwawani. Haukuwa umejengwa na mtu. Maji yenyewe yalijichimbia, na watu wakajenga pembeni kwa kuwa hapakuwa na kwingine. Gari la taka halikuingia Silanga, kwa hiyo taka ziliingia mtaroni. Kila mvua kubwa mtaro uliziba, maji yakapanda, yakapenya chini ya kuta. Katika ukuta wa nyuma wa mama kulikuwa na mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umeachwa na mafuriko yake. Mstari wa juu kabisa ulinifika kiunoni. Kwa Mwaitu, ambako ardhi ilikuwa imeinama zaidi, ulipita hapo.

Tuliogopa kitu kimoja, na hatukukificha. Maji yakija kwa ghafla, Mwaitu hataweza kukimbia.

Nilimwambia mama ahame, aje Kawangware, na Mwaitu tumtafutie chumba karibu nasi. Mama akanitazama kama niliyemtukana. Wateja wake wako Toi, kanisa lake liko pale, na Mwaitu hataki kuanza kuzoea watu wapya na mguu ule. "Badala ya sisi kuhama," akasema, "si wauhamishe mtaro?"

Maneno hayo aliyabeba hadi kwenye baraza. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi, na diwani, ambaye miaka mingine tulimwona kwenye magazeti tu, alikuwa ameanza kupita vijijini akisalimia hata kuku. Nilikuwepo siku ile, kwa sababu ilikuwa Jumapili, na Jumapili nilitembea kutoka Kawangware kwenda kumwona mama. Mama alisimama, akafunga leso yake vizuri, akaeleza habari ya mtaro na ya jirani yake mwenye mguu mbaya. Aliongea vizuri sana. Watu walimpigia makofi.

Diwani akatufafanulia jinsi pesa za kanjo zinavyotembea, na nakiri kwamba hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kuelezwa na mtu. Alisema ombi likitoka kwa wananchi, injinia wa kanjo anakuja kuangalia, anatoa maoni yake, maoni yanakwenda kwa kamati ya ujenzi, kamati ikikubali inayapeleka kwa kamati ya fedha, halafu mkutano mzima wa madiwani, halafu waziri atie sahihi kwenye bajeti kabla ya Julai. Mkokoteni wa punda ungefika Kitui na kurudi kabla ya hayo yote kwisha. Tena akasema kuna tatizo kubwa zaidi. Kibera ni ardhi ya serikali, na kwenye ramani ya mji pale tuliposimama hapakuwa na nyumba hata moja. Kanjo haiwezi kumwaga simiti mahali ambapo hapana watu.

"Na sisi ni nini, mheshimiwa?" mzee mmoja akauliza. Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Diwani akainua mkono. Akasema kuna njia moja. Kanjo ina fungu la dharura. Mahali penye hatari ya kuua watu, injinia akiiona hatari kwa macho yake na kusema ni dharura, kazi inaweza kufanywa bila kungoja mambo ya ardhi. "Nitamleta injinia hapa," akasema. "Lakini lazima aone. Nyinyi mnanielewa? Aone."

Mama alielewa kwamba mgeni anakuja.

Nilipewa habari ya siku ya ziara na mwanamke wa Silanga aliyekuja Kawangware kununua ndizi. Nilimwomba fundi mwenzangu aliyekuwa na cherehani jirani na yangu aniangalizie kibanda, nikatoka asubuhi. Kulikuwa na jua kali na vumbi, miezi ile ambayo mvua inasahaulika kabisa. Nilipofika nyuma ya nyumba ya mama nilidhani nimepotea njia.

Mtaro ulikuwa msafi. Akina mama wa kanisa, na wengine wasio wa kanisa, walikuwa wameshinda humo siku mbili na majembe na karai. Walitoa makaratasi ya plastiki, viatu, mbwa aliyekufa, godoro zima. Walizibeba taka hadi ng'ambo ya reli wakazichoma. Kingo za mtaro zilikuwa zimepigwa sepetu zikanyooka, na maji kidogo ya sabuni yalikuwa yakipita chini kabisa, yamenyenyekea, hayana habari na mtu. Kisha nikaziona kuta. Mama na Mwaitu walikuwa wamezikandika udongo mpya, kutoka chini hadi kwenye mabati, wakazipaka chokaa. Mistari ya kahawia haikuwepo tena. Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kiti chake kidogo, chokaa imemjaa hadi kwenye nyusi, akicheka.

"Unaona kwetu?" akaniambia. "Sasa hata waziri anaweza kulala hapa."

Niseme ukweli, niliona ni kuzuri. Sikuwa nimewahi kukuona kwetu hivyo. Mwanamume mmoja wa kusukuma mkokoteni alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, akitikisa kichwa.

"Mathe, mmefanya nini?" akasema. "Kanjo wakikuja wataona nini sasa? Si mngewacha tu vile ilikuwa?"

Mama alimgeukia na sepetu yake. "Kwenu mgeni akija unampokelea chooni?"

"Huyo si mgeni, mathe. Huyo amekuja kuangalia shida."

"Shida tutamwambia kwa mdomo. Tuna midomo."

Mwanamume yule akacheka, akaenda zake. Hakuna aliyeona kwamba amesema jambo la maana. Mgeni ni mgeni. Tungemweka wapi yule injinia asimame, katikati ya mbwa aliyeoza?

Akaja. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, ana adabu, na nilimpenda kwa adabu yake. Aliwasalimu akina mama mmoja mmoja. Alitembea kando ya mtaro kutoka juu hadi chini, akainama, akatazama, akagusa ukuta wa Mwaitu kwa kidole na kidole kikatoka na chokaa. Akauliza maji huwa yanafika wapi. Mama akaonyesha, na mkono wake, niliuona kwa macho yangu, ulishuka. Badala ya kiuno ulionyesha goti. Kumwambia mgeni kwamba nyumba yako hufurika hadi kiunoni ni kama kumwambia kwamba huoshi vyombo.

"Kwa hivyo maji inawasumbua sana, mama?"

"Aa, kidogo tu, mwanangu," mama akasema. "Mungu anatusaidia. Karibu chai."

Na Mwaitu, alipoulizwa kuhusu mguu, akasema umepona siku hizi, anatembea vizuri. Akasimama ili kumwonyesha.

Injinia akaketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Alipewa chai ya maziwa na mayai mawili ya kuchemsha, na akala, na akamsifu mama. Akasema ametembea vijiji vingi vya Kibera lakini hajaona mahali pasafi kama hapa. Akasema laiti watu wote wangejisaidia hivi kabla ya kuingoja serikali. Mama aliinamisha uso kwa haya. Alifurahi kwa wiki nzima. Aliyarudia maneno hayo kwangu Jumapili mbili mfululizo, "mahali pasafi kama hapa," kama mtu aliyepewa cheti.

Jibu tulilipata kwa mdomo wa diwani, kwenye baraza jingine, kabla ya bajeti kusomwa. Hakulizungushazungusha. Injinia aliiambia kamati kwamba mtaro wa Silanga unapitisha maji, wakazi wanautunza wenyewe, na hapana dharura. Fungu lile likapelekwa kwingine. Mzee yuleyule akauliza kwingine wapi, na diwani akajibu ni mahali ambapo hali ni mbaya zaidi.

Nilitaka kupiga kelele. Hali mbaya zaidi! Tayari mtaro ulikuwa umejaa tena, kwa kuwa kule juu soko lilikuwa bado ni soko na gari la taka lilikuwa bado halijui njia ya kwetu. Mama alikuwa ameketi mbele, leso imefungwa vizuri. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza mara moja tu, "Kwani hakunisikia nikisema yanatusumbua kidogo?" Alikuwa amesikiwa vizuri kabisa.

Mwishoni mwa mwaka ule zikaja mvua za El Niño. Kila Mkenya aliyekuwa na akili wakati huo ana yake ya kusimulia, na yangu ni fupi. Ilikuwa mchana. Silanga kwenyewe kulikuwa na manyunyu tu, ila kule juu mbingu zilikuwa zimepasuka. Mama alikuwa Toi na sufuria yake. Mwaitu alikuwa amelala, mguu ukimuuma kwa baridi. Mtaro uliziba kwenye kona ya nyuma ya chumba chake, maji yakarundikana, na ule ukuta mweupe ukamwangukia na maji yakaja juu yake. Majirani walisikia kishindo wakakimbia, na yule wa mkokoteni ndiye aliyemtoa. Mama alipofika, Mwaitu alikuwa amelazwa juu ya meza ya mtu, amefunikwa shuka. Kiti chake kidogo kilipatikana bwawani.

Tulimpeleka Kitui tukamzika. Mama hakulia. Alishikana mikono na watu, akaosha vyombo vya matanga, akafagia uwanja wa watu ambao hawakuwa hata ndugu zake. Niliporudi naye nilimpitisha moja kwa moja Kawangware, naye hakubisha. Chumba chake kilikuwa bado kimesimama, lakini hakutaka kukiona. Vitambaa vyeupe nilikwenda kuvichukua mimi, na hakuvitandika tena. Alivikunja akaviweka chini ya godoro.

Kawangware nako hakukuwa peponi. Plotini kwetu, kwenye kiwanja cha vyumba vya kupanga, maji ya barabarani yaliingia kila mvua, kwa kuwa hapakuwa na mtaro wala kalavati la kuyapitisha, na ukutani mwa nyumba yangu kulikuwa na mstari wetu pia. Tofauti ni kwamba ploti za Kawangware zina wenyewe, na wenyewe wana karatasi, na kwenye ramani ya kanjo tupo. Baada ya mvua zile kubwa wenye ploti walipeleka ombi, likapita kamati ya kwanza, na mwaka mwingine tukaambiwa injinia anakuja kuangalia. Hakuwa yule wa kwanza.

Asubuhi ya siku hiyo niliamka nikakuta wanawake wa ploti wako nje. Mmoja alikuwa akifagia tope kulisukuma nyuma ya vyoo. Mwingine alikuwa akimwaga jivu kwenye dimbwi lililokuwa mlangoni kwetu. Wa tatu alikuwa na ndoo ya chokaa. Hakuna aliyewaagiza. Nilianza kuwaendea, na kabla sijawafikia mama akanipita akiwa na kiti mkononi. Akakiweka katikati ya lile dimbwi, akakikalia, miguu yake ndani ya maji machafu.

"Hakuna mtu atafagia hapa," akasema.

"Lakini mama, wageni..." yule mwenye ndoo akaanza.

"Weka hiyo chokaa chini."

Aliiweka. Mama alikuwa mpole kwa watu wote, na labda ndiyo sababu walimtii. Alikaa vile, jua likapanda, inzi wakamzunguka, watu waliokuwa wakipita wakamshangaa. Nilimletea maji ya kunywa akayakataa. Injinia alipofika, mtu mzima mwenye viatu vizuri, akasita kwenye ukingo wa tope akitafuta pa kukanyaga. Mama hakumkaribisha. Alisimama, akamshika mkono wa shati, akamvuta ndani ya lile tope hadi ndani ya nyumba yangu, sufuria hazijaoshwa, kitanda hakijatandikwa. Nilitamani ardhi inimeze. Akamwelekeza ukutani.

"Hapa," akasema, akiweka kiganja kwenye mstari. "Mwaka jana ilifika hapa. Nilikuwa nakaa Kibera. Huko ilikuwa inafika hapa." Akagusa kiuno chake. "Na kwa jirani yangu ilipita kichwa, kwa sababu alikuwa amelala."

Injinia akauliza kwa sauti ya chini huyo jirani alipata nini. Mama akamweleza. Alimtaja kwa jina lake lote, ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia hadi siku ile, na mguu wake, na vyondo vyake. Hakupunguza kitu. Yule bwana alisimama ndani ya nyumba yetu chafu muda mrefu, na hakupewa chai.

Mtaro wa Kawangware ulichimbwa, ukajengwa kwa mawe, kalavati likapitishwa chini ya barabara. Mimi ninayejua ulivyopatikana siwezi kuusifu sana. Najua kwamba serikali iliuamini mdomo wa mama mara ya kwanza, na mdomo ule ulikuwa na heshima mno kuisema shida, na kwamba kwa watu wetu ilibidi heshima iondoke kwanza ndipo mawe yaje. Na kule Silanga, ambako kwenye ramani hapana mtu, hawakuchimba.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilikuja mchana pia. Nilisimama mlangoni nikitazama maji yakiteremka barabarani kwa nguvu, yakaufikia mtaro, yakageuka, yakapita. Sakafu yetu ilikuwa kavu. Nikamwita mama kwa furaha, kama mtoto, aje aone.

Alikuja akasimama kando yangu. Aliyatazama yale maji yakipita.

"Kumbe ilikuwa ni kuonyesha tu," akasema.

Kisha akaketi pale mlangoni, akafunika uso kwa leso, akamlilia Mwaitu.